Tuachieni ukingo wa ziwa: njia ya baiskeli Ukerewe ipo tayari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kijia. Ni kijia cha miguu kinachofuata ukingo wa Ziwa Victoria hapa kwetu Ukerewe. Kinapita nyuma ya mashamba ya mihogo, kinazunguka majabali, kinateremka mwaloni wanakoshushia samaki, kisha kinapanda tena kwenye miembe. Nimekipita kwa baiskeli miaka 34 nikiwa bwana shamba, na bado nakipita leo nikiwa mstaafu ninayekaribia miaka 70. Mwezi uliopita, kwenye mkutano wa kijiji, tulielezwa kwamba lipo wazo la kukipanua kiwe barabara ya magari. Nilinyoosha mkono, nikapewa dakika mbili. Hazikutosha. Ndiyo maana nimekuandikia.

Nianze na baiskeli yenyewe. Niliajiriwa mwaka 1982 nikitokea chuo cha kilimo Ukiriguru, na baiskeli yangu ya kwanza ilikuwa Swala, zile zilizokuwa zikiunganishwa hapa hapa nchini. Nilikatwa mshahara kidogo kidogo mpaka ikawa yangu. Keria yake ilibeba mbegu za pamba, bomba la kupulizia dawa, na siku nyingine ilibeba mgonjwa. Nilikuwa na vijiji saba vya kuhudumia, na nilijifunza mapema kwamba barabara kuu haimfai mwenye baiskeli: inapita juu, juani, mbali na nyumba za watu. Mkulima ukimtaka unampata huku chini, karibu na maji. Kwa hiyo nilifuata vijia. Mpaka leo naweza kukutajia kila mti wa kivuli, na kila mahali penye mchanga mzito ambapo lazima ushuke ukokote.

Kwa msomaji ambaye hajafika kwetu, wilaya yetu ni visiwa 38, na kisiwa kikubwa, Ukerewe chenyewe, kina ukubwa wa kilomita za mraba 530 hivi. Hakuna kisiwa cha ziwani kinachokizidi Afrika nzima. Unafika kwa meli kutoka Mwanza hadi Nansio, mwendo wa saa tatu hivi, au unapitia Bunda hadi Kisorya, unavuka kwa kivuko hadi Rugezi. Kila gari linaloingia hapa lazima livushwe majini. Ndiyo sababu magari bado ni machache, na ndiyo sababu baiskeli haijafa. Kwingine kandokando ya ziwa hili, mtu anayetaka kusafiri kwa baiskeli siku mbili tatu bila kupigiwa honi atatafuta sana. Kwetu njia hiyo ipo, ila hajaambiwa.

Barabara kuu nayo nimeionja. Mwaka 2014, jioni moja natoka kazini, lori lilinipita karibu mno, upepo wake ukanitupa mtaroni. Nilivunjika mfupa wa bega la kushoto. Nilikuwa pembezoni kabisa, upande wangu, kengele nzima, breki nzima. Lori halikusimama. Aliyenikuta ni binti wa shule, akaniokotea kofia na madaftari, akakaa nami mpaka watu walipokuja. Bega hili likipigwa na baridi ya ziwa linauma hadi leo. Tangu siku hiyo sijamshauri mgeni yeyote azunguke kisiwa kwa barabara kuu.

Julai mwaka jana walinijia kijana na mke wake, wote watumishi Mwanza, kila mmoja na baiskeli yake ya gia. Walikuwa wamesikia kwa jamaa yao kwamba Ukerewe kuna mzee anayezijua njia. Kijana akawa ananiita mzee, mkewe ananiita baba, nami nikawachukua kama wanangu. Tulitoka Nansio asubuhi, ubaridi bado upo. Tukapita Bukindo wakaliona jumba la Chifu Lukumbuzya, halafu tukaiacha barabara, tukashuka ziwani.

Naomba nieleze saa moja tu ya safari ile. Kijia hapo upana wake ni kama urefu wa mpini wa jembe. Udongo wetu ni wa kichanga, unatokana na haya majabali ya granaiti unayoyaona kila mahali, kwa hiyo hata mvua ikinyesha usiku, asubuhi njia inapitika. Tope la kushika tairi hatulijui sana. Ziwa lilikuwa mkono wa kulia. Tulifika mahali ambapo mama mmoja ameanika dagaa juu ya wavu chakavu, na wavu umeziba njia yote. Alikuwa akiwageuza kwa fagio laini, taratibu, kama mtu anayefagia mbele ya mgeni aliyelala. Alitusalimia, akatuomba tusimame kidogo, akausogeza ukingo wa wavu kwa mguu, tukapita mmoja mmoja tukizikokota baiskeli, akaurudisha wavu mahali pake. Hakuna aliyekasirika, hakuna dagaa aliyekanyagwa. Nikawaza: gari lingefanya nini hapa?

Mbele kidogo yule binti alisimama ghafla. Nikadhani pancha. Akasema, "Hapana, baba. Nasikiliza tu. Tangu tuiache barabara sijageuka nyuma hata mara moja kuangalia kama kuna gari." Mumewe naye akasimama. Tukakaa kimya sote. Ulisikika mtumbwi ukigongwagongwa mahali, watu wanaziba nyufa, na ndege kwenye matete. Basi.

Pancha nayo ilikuja baadaye, mwiba wa mchongoma. Chini ya mwembe mmoja kuna kijana fundi, nimemfahamu tangu yuko mgongoni kwa mama yake. Akaitoa tyubu, akaijaza upepo kidogo, akaizamisha kwenye karai la maji akiigeuza sehemu kwa sehemu mpaka vipovu vikatoka. Akapatia alama kwa njiti ya kiberiti. Akapiga msasa, akapaka solusheni, akaipulizia mpaka ikakauka, akabandika kiraka alichokikata kwenye tyubu nzee, akakigonga kwa nyundo ndogo juu ya jiwe. Halafu akapitisha vidole ndani ya tairi kuusaka mwiba, maana fundi asiyeutoa mwiba amekuandalia pancha nyingine. Shilingi 500. Kijana wa Mwanza akataka kumpa 2,000, fundi akakataa, akasema bei ni bei. Hapo karibu kuna msichana anauza machungwa ya kwetu. Anayamenya kwa kisu chembamba, ganda linatoka utepe mmoja mrefu mpaka chini, anakata kifuniko juu, anakupa. Wageni wangu walikula manne manne.

Jambo moja niliwakataza: kuoga kwenye maji ya kina kifupi yenye majani. Kichocho kipo, na mgeni lazima aambiwe ukweli. Walioga jioni, maji ya ndoo, nyumba ya wageni.

Kazi ya bwana shamba ilinizoesha daftari, sikuacha hata baada ya kustaafu. Siku zile mbili niliandika kila walichotumia, nao walijua naandika. Malazi shilingi 50,000. Sato wawili wa kukaanga na ugali wao 24,000. Kikapu 10,000. Chai na viazi vitamu 6,000. Machungwa 2,000. Pancha mbili, 1,000, kwa kuwa na ya pili ilikuja siku iliyofuata. Jumla 93,000. Sihesabu nauli ya meli. Fedha hiyo ilipita katika mikono ya watu tisa, na sita kati yao wanakaa kwenye kijia hicho, hawana duka wala kibao. Mgeni wa gari angepita juu kwa dakika arobaini akaenda kunywa soda mjini.

Sasa nije kwenye wazo la kupanua. Wanaolitaka ni wavuvi wetu na wenye dagaa, na wana sababu. Dagaa akipigwa na mvua kabla hajakauka, hasara. Sato na sangara wanataka barafu, na barafu inataka gari. Mtu anayesimama mkutanoni akisema gari lisifike mwaloni hajawahi kumwona mama akimwaga karai la dagaa waliooza. Mimi nimemwona. Kwa hiyo sisemi gari lisifike.

Ninachosema ni kwamba tuangalie mwelekeo. Chukua kitana. Mgongo wa kitana ni barabara kuu, huku juu. Meno ya kitana yawe barabara za kushuka, kila moja inaishia kwenye mwalo wake. Lori linashuka, linapakia, linageuza, linapanda kwa njia ile ile. Ncha za meno zinaunganishwa na kijia, na hapo kwenye ncha ndipo pabaki pa miguu na baiskeli. Wazo lililoletwa ni tofauti: barabara moja ya gari itambae kandokando ya maji kutoka mwalo hadi mwalo. Nimepima kwa baiskeli yangu, nikihesabu mizunguko ya gurudumu kama tulivyofanya zamani kupima mashamba. Kati ya mialo minne ya kijiji chetu na jirani zetu, barabara ya kutambaa ni ndefu kuliko meno yote manne yakijumlishwa, na inavuka vijito viwili ambavyo vyote vitataka kalavati. Meno hayavuki kijito hata kimoja, na mawili kati ya hayo gari dogo linapita hata sasa. Daftari lina hesabu yote, na anayetaka kuikagua karibu.

Kuna sheria pia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mita 60 hizo wengi wetu tunaziona kama katazo tupu, ardhi isiyo na kazi. Mimi naona ndimo kijia kilimo. Kijia hakichimbi msingi, hakimwagi zege, hakikati matete. Ukiulizwa ni matumizi gani yanayoweza kukaa humo bila kuliumiza ziwa, jibu la kwanza ni nyayo na tairi la baiskeli.

Na ziwa lenyewe halikai mahali pamoja. Mwaka 2020 lilijaa kupita tulivyozoea. Maji yaliingia kwenye mashamba, yakaingia kwenye nyumba za waliojenga karibu, vyoo vikaanguka. Kijia chetu kilizama sehemu tatu. Unajua kilichotokea? Ndani ya wiki moja watu walikuwa wamekanyaga kingine, hatua kumi au ishirini juu yake. Hakuna aliyeitisha kikao. Mimi mwenyewe niling'oa visiki viwili, jirani akasogeza mawe, wanafunzi wakafanya kazi iliyobaki kwa miguu yao. Maji yaliposhuka kijia nacho kikashuka. Barabara ya kifusi ingekuwa imekwenda na maji, na tungekuwa tunasubiri fedha hadi leo.

Sitaki kuficha kwamba kijia kina adui mwingine zaidi ya greda. Ni uzio. Mtu mwenye uwezo amenunua kipande kando ya ziwa, akaweka nguzo na waya mpaka majini. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa tumezungumza naye na mazungumzo hayajaisha. Lakini nieleze ninachokiona kila asubuhi: watoto wa shule wanavua viatu, wanaingia majini hadi magotini, wanazunguka nguzo ya mwisho, wanatoka upande wa pili, wanavaa viatu. Maji yale yale niliyowakatazia wageni wangu. Wadogo zaidi hubebwa na kaka zao. Siku ya mawimbi wanapandia juu, wanachelewa, wanaadhibiwa. Kijia kisichoandikwa popote kinafungwa na mtu mmoja kwa siku moja.

Kwa hiyo naomba kiandikwe. Vijiji vyetu vina mamlaka hayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imeiweka ardhi ya kijiji chini ya halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wake, na mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji una ramani. Kwenye ramani hiyo tunachora shule, malisho, msitu, makaburi. Kwa nini tusichore na njia ya miguu na baiskeli ya ukingoni, kwa mstari wake na upana wake, ili anayenunua ardhi aikute? Vijiji viwili vikichora na mistari ikakutana mpakani, tayari mna njia. Vijiji kumi vikichora, mtu atatoka Nansio na kurudi Nansio bila kukutana na lori.

Mwaka 2022 niliona kwa macho yangu kwamba jambo hili linawezekana. Rafiki yangu tuliyesoma naye Ukiriguru amehamia Rubavu, Rwanda, kwa mwanawe. Aliniita nikamtembelee. Pale Rubavu inaanzia njia wanayoiita Congo Nile Trail, kilomita 227 kandokando ya Ziwa Kivu hadi Rusizi. Kijana wa rafiki yangu alinikodishia baiskeli, tukaenda naye siku tatu hadi Karongi. Milima ya kule si mchezo, nilikokota zaidi ya nilivyopanda. Lakini niliona kitu ambacho sijakisahau. Wamejenga barabara mpya ya lami huko juu milimani, nzuri, na magari yamekwenda huko. Ile ya zamani ya udongo, inayoingia kila kona ya ziwa, imebaki kwa waenda kwa miguu, mbuzi na baiskeli. Pikipiki zinapita, na gari moja moja, siwezi kusema hazipo. Lakini siku nzima ya kwanza nilihesabu magari matatu.

Jioni tulikaa kwenye kilima juu ya maji tukawaona wavuvi wakitoka. Mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, nyavu zinaning'inia katikati, nao wanapiga makasia wakiimba, wanawafuata sambaza. Hao sambaza asili yao si Kivu, walipandikizwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959. Ni dagaa wa kule Kigoma. Nilikula sahani nzima kwa mama mmoja anayepokea wageni wa baiskeli nyumbani kwake. Vyumba viwili, vyandarua, ndoo ya maji ya moto. Nilimuuliza kwa Kiswahili kidogo anachokijua, kabla ya njia hiyo alikuwa akifanya nini. Akasema: kahawa tu. Sasa ana kahawa na wageni, na kahawa anawauzia wageni.

Nilirudi nikiwa na wivu, Mhariri, nakiri. Sisi tuna kisiwa tambarare kuliko kule, mtoto wa miaka kumi anaweza kukizunguka. Septemba 2025 Kigali ilipopokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, nilifuatilia redioni kila siku. Vijana hapa kijijini walishangaa kwamba mbio za baiskeli zinaweza kufunga jiji. Nikawaambia wasishangae mbio, waangalie ile njia ya Kivu, kwa maana mbio huisha kwa wiki moja na njia inabaki.

Nimeambiwa maneno kwa msimamo wangu huu. La kwanza: "Mzee anataka tubaki nyuma ili wazungu wapige picha." Neno hili linaniuma kwa sababu wageni wangu wengi ni Watanzania, na kwa sababu mwenye kijia wa kwanza si mgeni kabisa. Nikiwa mlangoni kwangu asubuhi naona wanafunzi, mama anayepeleka dagaa kwa baiskeli, mjukuu anampeleka bibi yake kliniki kwenye keria, fundi na sanduku lake. Mgeni ni wa saba au wa nane. Njia itakayomfaa mgeni ni ile ile inayomfaa mtoto wa darasa la tatu, na ikimtisha mtoto huyo mgeni naye hatarudi.

La pili ni zito zaidi: bodaboda. Nimeulizwa, kama magari hayapiti, pikipiki je? Mama mjamzito usiku? Hapa sina ukali. Bodaboda ameokoa maisha huku kwetu, nami nimewahi kumwita usiku wa manane. Sitaki nguzo wala kufuli njiani. Ninachoomba ni mwendo. Vijana wa kijiwe chetu tulikaa nao, tukakubaliana kwamba kwenye kijia wapite wanapomfuata au kumrudisha mtu wa huko huko, na wapite polepole. Wanaokatiza tu kwenda mwalo mwingine watumie juu. Wengi wanatii. Mmoja au wawili hawatii, na wenzao ndio wanaowakanya, si mimi. Ni makubaliano ya mdomo, yana miezi minane sasa.

Siwezi kumaliza bila kuitaja Ukara. Kutoka Bugolora, kaskazini mwa kisiwa chetu, unavuka kwa kivuko hadi Bwisya. Kila ninapovuka na wageni nawaomba tupite kwanza kwenye makaburi ya waliokufa katika ajali ya MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, zaidi ya watu 200. Baadhi yao nilikuwa nimewafundisha kulima. Tunasimama, tunavua kofia, halafu ndipo tunapanda baiskeli.

Ukara ni kisiwa kidogo chenye watu wengi, na kwa mtu wa kilimo ni kama chuo kikuu. Wakati sisi mabwana shamba tulipokuwa tunafundishwa mbolea za viwandani, Wakara walikuwa tangu mababu wanapanda marejea, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya uwele, kisha wanaifukia marejea ardhini iongeze rutuba kwa mwaka unaofuata. Ng'ombe hulazwa ndani, wanakatiwa majani na kuletewa, na samadi inabebwa kichwani hadi shambani. Hakuna mahali pasipotumika. Ndiyo maana vijia vya Ukara ni vyembamba kuliko vyetu: kila hatua ya upana ni uwele wa mtu. Unapita kwa baiskeli masuke yakikugusa mabega yote mawili, na mwenye shamba yuko hapo, unasimama, unamwuliza, anakueleza. Miaka yote niliyofanya kazi, somo la marejea nimelifundisha vizuri zaidi nikiwa nimesimama kwenye kijia cha Ukara kuliko darasani. Yule binti wa Mwanza aliandika kwenye simu yake jina la marejea, akasema atampelekea mama yake mbegu Magu.

Kipanue kijia cha namna hiyo kwa mita sita na utakuwa umechukua chakula cha nyumba ngapi?

Njia hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mawe yapakwe chokaa kwenye njia panda, ili mgeni ajue ashike wapi. Inahitaji daraja la magogo kwenye vile vijito viwili, pana kiasi cha baiskeli yenye mzigo. Inahitaji vivukoni pawe na mahali pa kuegesha baiskeli pasipo katikati ya magunia, kwa sababu rimu zinapinda na spoki zinakatika. Na inahitaji wale wanaopanga barabara zetu waje wakati wa kiangazi, Juni hadi Septemba, watembee nasi kutoka mwalo wa kwanza hadi wa nne kabla ya kupigilia vigingi vya kupimia.

Mimi kwa upande wangu nimenunua mfuko mmoja wa chokaa. Kwa ruhusa ya mwenyekiti wa kijiji nimekwisha paka mawe kumi na moja, kuanzia mlango wa shule hadi kwa fundi chini ya mwembe. Kazi hiyo niliifanya na wanafunzi wa darasa la sita siku ya Jumamosi, kila jiwe mshale mmoja unaoelekea ziwani. Mkutano mkuu wa kijiji unaofuata nitakwenda na daftari langu na kitana cha mke wangu, niwaonyeshe meno.

Ukimtuma mwandishi wako, Mhariri, aje na viatu vya kawaida tu. Baiskeli ya ziada ninayo, ni Phoenix, nimeibadilisha mnyororo wiki iliyopita.

Ni mimi msomaji wako,
Bwana shamba mstaafu,
Ukerewe, Mwanza.